Kete za Juisi

Mzee Rajabu alikuwa akiketi chini, hainuki. Kukaa alikaa vizuri tu, tena kwa kishindo. Shida ilikuwa kurudi juu. Magoti yake yalichoka kubeba tumbo lililoanza kunona tangu enzi za ruksa, pale maduka ya Dodoma yalipojaa mafuta na sukari, na yeye, muuza kanga wa sokoni, akaamua kufidia miaka yote ya foleni kwa mkupuo mmoja.

Mpishi wa tumbo lile alikuwa mkewe, Bi Stara, na wala hakuwa akilionea haya. Mume akinenepa sifa ni za mke, na Stara alizipokea sifa hizo kila alipokatiza mitaa ya Makole na kapu lake. Wenzake walimwambia mzee kanawiri, naye aliitikia kwa unyenyekevu wa uongo, kisha akapitia buchani kuongeza nusu kilo ya nyama yenye mafuta.

Sifa ziliisha siku ya matanga ya jirani. Rajabu aliketi kwenye mkeka na wanaume wenzake, dua ikasomwa, ikaisha, watu wakasimama. Yeye akajaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili, na ya tatu akashika mti wa turubai. Turubai zima likashuka juu ya waombolezaji. Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni kwa siku mbili, alicheka mpaka shangazi zake wakamkumbusha kwamba amefiwa. Tangu hapo Rajabu akawa anasali juu ya kiti, na bao la kete, mchezo aliotamba nao tangu ujana, akaliacha, maana wachezaji wa Makole huketi chini na hakuna aliyekuwa tayari kumnyanyua kila baada ya mchezo.

Haya yote angeyavumilia, kama binti yake Shamila asingeposwa.

Mposaji alikuwa Rahimu, kijana wa Kondoa, karani serikalini, mtaratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ya Ijumaa. Harusi ikapangwa baada ya mavuno, miezi minne mbele. Walipofika kwenye habari ya nikaha, watu wakayatazama magoti ya Rajabu. Katika ukoo ule baba wa binti humwoza mwanawe mwenyewe: huketi mkekani goti kwa goti na bwana harusi, mkono ndani ya mkono, akatamka maneno. Babu alifanya hivyo, na baba wa Rajabu alifanya hivyo kwa mabinti wote watano. Sheikh akasema kwa upole kwamba kiti hakikatazwi. Rajabu akamtazama kama mtu aliyeambiwa aje nikahani na kitanda.

Ndipo Zaidi akakohoa. Zaidi alikuwa mdogo wake Rajabu kwa baba, mwembamba, mwepesi, na mpinzani wake katika bao tangu wakiwa na meno ya utoto.

"Kaka usijitese," akasema. "Baba anaruhusiwa kuweka wakili. Mimi si nipo?"

Stara, aliyekuwa mlangoni na sinia la kashata, alijua papo hapo kwamba shemeji yake ameshapimwa kanzu. Wageni walipoondoka alimkuta mumewe amekaa palepale, mikono juu ya magoti yake mabaya.

"Zaidi hatanitolea mwanangu," Rajabu alisema. "Mama Shamila, nipe uji wa maji, nipe majani, nipe unachotaka. Nitashuka kwenye ule mkeka na nitainuka mwenyewe."

Machozi yalikuwa yakimlenga. Stara hakuwahi kumwona hivyo tangu amzike mama yake, na moyo ulimuuma, kwa kuwa alijua nani aliyelipika lile tumbo.

Shamila ndiye aliyeleta dawa. Alisomea mambo ya lishe na alifanya kazi katika ofisi ya afya. Aliporudi kutoka safari ya Dar es Salaam alitoa kwenye boksi blenda nyeupe, ya kwanza katika mtaa wao. Majirani walikuja kuitazama ikizunguka bila kitu ndani. Akawaketisha wazazi wake, akaeleza. Asubuhi juisi nzito ya matunda, jioni juisi nzito ya matunda, katikati chakula cha kiasi. Na kila kitu kihesabiwe kalori.

"Kila chakula kina nguvu ndani yake, Baba, na hiyo nguvu ina kipimo. Usiyoitumia inabaki hapo." Alionyesha kwa adabu, bila kugusa. "Kwa siku wewe usizidi elfu moja na mia sita."

"Elfu moja na mia sita ya nini? Siioni."

"Haionekani, Baba."

"Basi nitahesabuje kitu kisichoonekana? Mimi nahesabu kanga, nahesabu kete."

Aliposema kete akainua macho juu ya kabati. Akaagiza lile bao lake lishushwe kutoka huko. Kwa asiyelijua, bao ni ubao wenye mashimo safu nne, safu mbili za huyu na mbili za yule, na kila mmoja ana kete thelathini na mbili, zile komwe ngumu za rangi ya jivu. Shamila akapiga hesabu chapuchapu: kila kete ikiwa kalori hamsini, kete za upande mmoja ni elfu moja na mia sita kamili. Alifurahi kupita kiasi. Kila asubuhi Baba angeanza na mashimo yake yamejaa. Kila akila kitu, kete za kitu hicho zingehamia upande wa pili. Zikiisha, kula nako kumeisha mpaka kesho.

"Na upande wa pili atakaa nani?" Rajabu aliuliza. Kwake bao bila mtu wa pili lilikuwa ni gogo tu.

"Mama," Shamila alijibu.

Kwa miaka thelathini Stara alikuwa halishiki lile bao ila kulifuta vumbi. Aliketi mbele yake kwa mashaka, kama mtu aliyekaribishwa kwenye kiti cha mkuu wa mkoa.

Asubuhi ya kwanza Rajabu alikunywa chai yake ya sukari na chapati mbili kama kawaida, na kabla hajafuta mdomo kete kumi na mbili zilikuwa zimeshavuka. Aliuliza mara mbili kama kweli chapati zinakula hivyo. Mchana ugali na nyama vikabeba nyingi. Alasiri alitia karanga mdomoni bila kufikiri, na Stara, bila kumwambia neno, akanyoosha mkono. Kufikia magharibi upande wa Rajabu ulikuwa mtupu.

Njaa haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni yale mashimo. Mcheza bao aliyeishiwa kete amefungwa, na yeye alifungwa ndani ya nyumba yake, tena kabla ya taarifa ya habari.

"Nimefungwa," aliwaambia wenzake sokoni kesho yake.

"Na nani?"

Hakutaka kumtaja.

Stara naye alikuwa amelala na furaha asiyoijua jina. Hakuna aliyewahi kumpima katika jambo lolote akaonekana ameshinda. Pilau yake ikisifiwa, ilisemwa mchele wa Mbeya ni mzuri. Watoto wakifaulu, walimrithi baba. Sasa kulikuwa na kete mbele yake, zinahesabika, na zote zake. Akaanza kuipangia siku ya mumewe usiku uliotangulia. Alimtengenezea juisi ya parachichi na maziwa, akatia asali na karanga za kusaga, ikatoka nzito, kijani, baridi, yenye povu juu. Rajabu aliinywa yote kwa pumzi mbili, akashukuru.

"Kete kumi," Stara alisema, akakusanya.

Tusimwonee huyu mama. Nia yake haikuwa mbaya. Alitaka mume apungue, wallahi alitaka. Lakini alitaka pia kufunga, na hayo mawili hayakugombana kichwani mwake, maana mume aliyefungwa saa sita mchana halambi kitu mpaka kesho yake. Shamila alipouliza hali, aliambiwa Baba anapungua. Ilikuwa kweli, ingawa alipungua kwa hasira.

Mtu wa bao hakubali kufungwa kwa mbinu ileile mara tatu. Rajabu alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyewahi kulifanya: aliingia jikoni. Alifunga kanga ya dukani kwake kiunoni, akasimama mbele ya blenda, akatia papai na mtindi, akabonyeza. Kifuniko kilikuwa mezani. Papai likapanda mpaka darini, likashuka na ukuta. Zaidi alipopita jioni na kuuliza habari ya madoa ya njano, aliambiwa wanajaribu rangi za harusi.

Lakini alijifunza. Aligundua kwamba tikiti maji likisagwa na tango na ndimu ni kete moja kwa glasi, na tumbo linadanganyika kwa muda mzuri tu. Aligundua ubuyu: unga wake ukikorogwa na maji ya baridi bila sukari unatoa juisi nzito, chachu, nayo kete moja. Papai na mtindi, kete tatu. Zabibu za Hombolo zilimpa majaribu, maana alizipenda tangu utoto na kiganja kimoja kilikuwa kete mbili. Alizila moja moja, akibishana na mkewe kama ile ndogo ya mwisho nayo ihesabiwe. Alipoambiwa na Shamila kwamba kutembea kunarudisha kete, akaacha kupanda baiskeli ya kukodi, akawa anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Akifika mlangoni alikuwa anadai kete zake kabla ya kuamkiwa.

Ikawa vita ya glasi. Stara alileta ndizi na maziwa, Rajabu akajibu kwa tikiti. Stara akanukisha maandazi ya nazi, Rajabu akatoka kwenda kutembea. Tangu waoane walikuwa hawajawahi kuzungumza kiasi kile. Walikuwa wanaamka wanacheka, kila mmoja na lake moyoni. Siku ya kwanza Rajabu alipolala amebakiwa na kete nne, alimtembezea jirani lile bao amwonyeshe.

Mwezi wa tatu kanzu ilikuwa inamning'inia. Miaka ile mtu akikonda ghafla watu hawakuuliza kalori. Walimwangalia kwa huruma, wakashusha sauti. Jirani yao Mama Elieth, muuguzi na mzee wa kanisa, alikuja na uji wa ulezi na kuuliza kwa mafumbo kama mzee amekwishapimwa. Stara alimweleza habari ya kete mwanzo mpaka mwisho. Mama Elieth alimshika mkono, akamwambia amwamini Mungu, akaacha na bakuli.

Wiki mbili kabla ya harusi, alasiri moja, Zaidi alifika. Kaka yake alikuwa ameketi chini, kwenye kigoda, mbele ya bao, na alipomwona mgeni akainuka kumpa mkono. Aliinuka taratibu, akishika ukuta kidogo tu. Zaidi alilitazama lile tukio kwa muda. Kanzu yake mpya ilikuwa tayari kwa fundi, yenye nakshi shingoni.

"Naona umerudi mchezoni, kaka. Tucheze mmoja."

Stara alikuwa msibani. Zaidi akaketi upande wake, wakacheza bao la kweli, la kulana kete. Rajabu, aliyekuwa hajacheza mwaka mzima, alishinda kwa muda mfupi wa kuchemsha maji. Stara aliporudi alimkuta mumewe amezungukwa na kete zote sitini na nne, uso unang'aa.

"Mama Shamila, zangu thelathini na mbili nilikuwa nazo, nyingine nimezishinda kihalali. Nadai pilau, ya mbuzi, na kachumbari. Halafu halua."

Shamila aliposikia alikaribia kulia. Alieleza kwamba kalori hazishindwi mchezoni. Baba akamjibu kwamba kama zilikuwa zinapotea kwa kete, basi kwa kete zinapatikana, na yeye hakuitunga sheria hiyo. Zaidi akatikisa kichwa kuunga mkono. "Haki ya kaka," akasema. "Mpikieni." Na hapohapo Stara akaelewa. Zaidi alikuwa hajawahi kufungwa namna ile maishani mwake. Mtu yule alijifungisha makusudi, ili kaka yake ale sinia la pilau, kisha la pili kwa sababu mlango umeshafunguka, na siku ya siku yeye Zaidi awekwe wakili.

Stara alikasirika, lakini sauti yake haikupanda.

"Haki ni haki," alisema. "Umeshinda kete thelathini na mbili, na mimi nitalipa zote leo hii. Ila chakula gani, hilo halikusemwa wakati wa kucheza. Jikoni ni kwangu."

Akaagiza matikiti yote yaliyokuwa uani yaletwe. Blenda ilinguruma mpaka ikanuka moto, ikapumzishwa, ikanguruma tena. Glasi za nyumbani hazikutosha, zikaazimwa kwa Mama Elieth. Zilipangwa uani kwenye sinia za harusi, thelathini na mbili, nyekundu, kila moja kete moja, na Stara akamkaribisha mshindi. Akaongeza kwamba shemeji naye ni mgeni, asibaki mkavu.

Rajabu alikunywa ya kwanza kwa fahari. Ya nne aliinywa kimya. Ya saba aliiangalia kwanza. Zaidi alikomea ya tano, akaaga kwa kukumbuka miadi ambayo hakuwahi kuwa nayo, na alionekana akikata kona kwa mwendo usiokuwa wa heshima. Ya tisa Rajabu aliiweka chini ikiwa nusu.

"Zilizobaki nimesamehe," alisema, na akaelekea msalani. Usiku ule hakulala sana, lakini pilau haikutajwa tena nyumbani mle.

Siku ya harusi turubai lilifungwa uani, mkeka mpya ukatandikwa, wanaume wakajaa. Wanawake walikuwa ndani, Stara dirishani, mbele ya wote, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Zaidi alikaa karibu na sheikh ndani ya kanzu yake ya nakshi, tayari kwa lolote. Rahimu aliketi mkekani. Rajabu akaja. Akakunja goti la kulia, akakunja la kushoto, akashuka bila kushika mti wa turubai wala bega la mtu. Stara alitoa pumzi aliyokuwa ameizuia miezi minne.

Wakashikana mikono. Rajabu akasema amemwoza Rahimu binti yake Shamila kwa mahari waliyokubaliana, kwa sauti iliyotoka bila kukwama. Rahimu akasema amekubali. Sheikh akaomba dua, watu wakaitikia amina, vigelegele vikapasuka ndani. Ndoa ikawa imefungwa.

Rajabu hakuuachia mkono wa Rahimu.

Bwana harusi alingoja kwa adabu. Kisha akadhani mkwewe anahitaji kusaidiwa kuinuka, akamvuta kidogo. Rajabu naye akamvuta. Wakawa pale, mmoja anavuta huku, mwingine kule, na watu wakaanza kunong'ona.

"Magoti hayo," Zaidi alisema, akiwageukia wenzake. "Si nilisema."

Vijana wawili wakaja kumshika makwapa, akawakataa kwa kichwa. Stara alitazama kutoka dirishani, akaona kwamba si magoti. Akajitupia ushungi vizuri, akatoka, akapita katikati ya wanaume ambao hawakujua wamzuie kwa neno gani, akachuchumaa kando ya mkeka.

"Baba Shamila, mwachie mtoto wa watu."

"Nikimwachia ataondoka naye," Rajabu alisema polepole. Ndevu zake zilikuwa zimelowa. "Miezi yote hii nahangaika nishuke hapa. Nimeshuka. Sasa ndiyo naona nimeshuka kufanya nini."

Stara naye alikuwa hajaliona hilo. Kila asubuhi alikuwa anahesabu, anasaga, anafunga na kufungwa, na katika kelele zote zile binti yake alikuwa anafungasha sanduku chumba cha pili.

"Ataondoka naye hata usipomwachia," akasema. "Yuko ndani analia, anasubiri umuage."

Rajabu akafungua vidole, kimoja baada ya kingine. Rahimu, aliyekuwa na macho mekundu yeye mwenyewe, akaubusu ule mkono kabla ya kuurudisha. Wakati huohuo wapishi wakafunua masufuria nyuma ya nyumba, harufu ya pilau ikaingia chini ya turubai, na umati wote, Zaidi akiwa wa mbele, ukageuka kutafuta mahali pa kunawa.

Basi ikawa hakuna aliyetazama. Rajabu aliweka unyayo mmoja chini, akaweka wa pili, akasimama wima, mikono mitupu. Alijipangusa kanzu, akageuka kulia na kushoto, akaona migongo ya watu tu.

"Umeona nilivyoinuka?" alimuuliza mkewe.

"Nimeona," Stara alisema, bado amechuchumaa, akamnyooshea mkono. "Sasa ninyanyue na mimi, tukamuage mtoto."

Akamnyanyua, wakaingia ndani.